Sauti, Kioo na Hewa ya Mombasa: Mafunzo Niliyopata

Nyumbani kwetu Majengo kuna chumba cha uwani ambacho zamani kilikuwa cha kuwekea makaa. Siku hizi kina meza moja ya mvule niliyorithi kwa babu. Upande wa kulia wa meza yapo masanduku ya plastiki yenye vifundo vya kuzungusha na nyaya zinazochungulia. Hizo ni sinthesaiza, ala za muziki wa umeme, ninazoziunda mwenyewe usiku nikitoka kazini bandarini. Upande wa kushoto ipo kamera moja ya Canon na lenzi nne, zote kuukuu. Watu huniuliza mambo haya mawili yamekutania wapi, nami huwajibu kuwa yamekutania hewani. Maelezo yote niliyojifunzia yaliandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao vyumba vyao havibadiliki sana asubuhi na jioni. Chumba changu kina dirisha moja, na kinachoingia humo ni joto la kaskazi, chumvi, na unyevu wa masika. Hewa hiyo huiathiri sauti, na kioo cha lenzi hukiathiri pia. Niliyoyaandika hapa nimeyapata kwa miaka sita ya kuishi na hewa hiyo.

1. Sauti ya kwanza itoke siku hiyo hiyo

Nilianza na ndoto ya kuunda kitu mfano wa Minimoog, ile sinthesaiza iliyotoka Marekani mwaka 1970 na kuingia katika bendi za dunia nzima. Nikachapisha mchoro, nikaagiza nusu ya vipuri, na miezi minane ikapita sijasikia hata mlio. Aliyenitoa huko ni fundi mmoja mzee wa redio, pale Mwembe Tayari. Nilimwamkia, nikamtandazia mchoro wangu juu ya kaunta. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaukunja taratibu na kunirudishia.

"Mwanangu," akasema, "tafuta kwanza kitu kitakacholia leo kabla ya magharibi."

Kilicholia kabla ya magharibi ni aisii ya 40106, kidude cheusi cha miguu 14 ambacho bei yake haifiki ya chakula cha mchana. Ndani yake mna vigeuzi sita. Kila kigeuzi ukikipa umeme kwenye mguu wa kuingilia, kinauzima kwenye mguu wa kutokea, ukikinyima, kinauwasha. Sasa funga rezista kutoka mguu wa kutokea irudi kwenye mguu wa kuingilia, na kapasita kutoka mguu wa kuingilia hadi graundi. Kapasita inajaa polepole kupitia rezista. Ikifika kiwango fulani kigeuzi kinapinduka na kapasita inaanza kumwaga. Ikishuka hadi kiwango kingine, cha chini zaidi, kinapinduka tena. Viwango hivyo viwili havikutani, na pengo lililo baina yao ndilo linalofanya mchezo usikome. Kujaa na kumwaga huko kukitokea mara 220 kwa sekunde, umepata noti ya la. Ukiweka voliumu ya kilo-omu 100 mahali pa rezista, noti inapanda na kushuka kwa kufuata mkono wako.

Spika niliitoa kwenye redio iliyokufa. Nilipomaliza osileta ya kwanza, yaani mzunguko huo unaolia, nikafunga ya pili kwenye aisii ile ile, nikaipandisha mpaka ikaikaribia ya kwanza. Moja ilikuwa kwenye Hz 220, nyingine kwenye 223 hivi, na hapo nikasikia kitu ambacho sikukiunganisha mimi: sauti ilikuwa inapumua, mara tatu kila sekunde, sawasawa na tofauti ya zile mbili. Nikakaa nayo mpaka adhana ya alfajiri. Mchoro mkubwa niliurudia baada ya miaka miwili, na safari hiyo nilijua kila alama inafanya nini.

2. Kila aisii na kapasita yake

Hili ni fupi. Ukiziacha osileta mbili zinywe umeme wa njia moja bila kizuizi, zinaweza kuvutana na kuganda kwenye noti moja. Bana kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu ya umeme ya aisii. Kuivuta mbali kwa waya ni kama hukuiweka. Na ile miguu ya kuingilia ambayo huitumii, ifunge kwenye graundi. Ikiachwa wazi inaokota mnung'uniko wa umeme wa nyumbani, Hz 50, na betri yako inakwisha bila sababu unayoiona.

3. Joto huingia ndani ya noti

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mwingi, na ndipo nilipojifunza zaidi ya mahali pengine popote.

Robert Moog ndiye aliyeeneza, katika miaka ya 1960, kanuni ambayo sinthesaiza nyingi zinaifuata hadi leo: volti moja, oktava moja. Ukiongeza volti moja, noti inapanda oktava nzima. Ukigawanya volti hiyo kwa 12, kila nusu toni inapata milivolti 83 na kidogo. Kwenye karatasi ni rahisi kama kuhesabu ngazi. Ugumu ni kwamba kupanda oktava ni kuongeza mtetemo maradufu: 110, 220, 440, 880. Volti zinajumlishwa lakini mitetemo inazidishwa. Lazima pawe na kitu kati ya hivyo viwili kitakachogeuza kujumlisha kuwa kuzidisha.

Kitu hicho ni transista moja ya kawaida. Ina tabia ya kuzaliwa nayo: ukiiongezea milivolti 18 hivi baina ya beshi na emita, mkondo unaopita ndani yake unakuwa maradufu. Ongeza 18 nyingine, maradufu tena. Hakuna fundi aliyeipangia hivyo. Ndivyo kitu chenyewe kilivyo. Niliposoma jambo hili nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo, kwa furaha tu.

Lakini transista hiyo hiyo ni kipimajoto. Kila joto likipanda digrii moja, inahitaji kama milivolti mbili pungufu ili kupitisha mkondo ule ule. Piga hesabu sasa. Milivolti 18 ni oktava, nusu toni 12, kwa sababu ile volti moja hupunguzwa hadi hapo kabla ya kuifikia transista. Kwa hiyo milivolti mbili, yaani digrii moja tu ya joto, ni zaidi ya nusu toni nzima. Mwezi wa Machi kipimajoto cha chumba changu husoma 26 alfajiri na 33 ikifika alasiri. Hizo ni digrii saba, nusu toni tisa. Wimbo nilioupanga baada ya swala ya alfajiri ulikuwa umehamia mahali pengine kabisa wakati wa chakula.

Sikulijua hilo mapema. Nilishuku voliumu, nikabadilisha betri, nikafumua na kulehemu upya mara mbili. Siku moja, katika kushika shika, kidole changu kikagusa kichwa cha transista. Noti ikapanda, polepole, bila mimi kuzungusha chochote. Nikaondoa kidole, ikashuka. Nikarudia mara kumi, maana nilitaka kuwa na hakika.

Dawa yake ni kutumia transista mbili zilizo pacha, ya pili ikiyumba sawasawa na ya kwanza ili moja ifute yumbo la mwenzake. Transista za moja moja hazizaliwi pacha, unazitafuta. Nilinunua transista hamsini za BC547, nikaanza kuzipima moja moja kwa mita, kila moja nikiipitishia mkondo uleule. Usiku wa kwanza hesabu zote zilikuwa za ovyo, kwa sababu nilikuwa nazishika kwa vidole na vidole vina joto la mwili, kisha feni ya dari ilikuwa inazipoza bila utaratibu. Usiku wa pili nilizima feni, nikazishika kwa vibanio vya nguo, nikazilaza juu ya kipande cha kigae ambacho joto lake halibadiliki haraka, na kila moja nikaisubiri dakika mbili kabla ya kuandika. Jasho lilinitoka, lakini nilipata jozi nne zilizotofautiana kwa chini ya milivolti moja. Nilizigandisha uso kwa uso kwa gundi na kuzivika kipande cha mpira, ili zisikie joto moja.

Baada ya hapo inabaki yumbo dogo, kwa kuwa ile milivolti 18 yenyewe inakua kwa takriban theluthi moja ya asilimia kila digrii. Kuna rezista maalumu inayokua kwa kiasi hicho hicho. Niliiagiza nje, ikaja ndani ya bahasha, nami nikaigandisha mgongoni mwa jozi. Tangu siku hiyo, kutoka alfajiri hadi alasiri noti husogea kiasi ambacho mguso mmoja wa bisibisi unatosha kuirudisha.

Mchoro niliofuata ulikuwa umelitaja jambo hili kwa mstari mmoja, mwishoni, kama shauri la hiari. Kwa mtu wa Pwani lilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza.

4. Baina ya vibonyezo viwili kuna noti inayoishi

Mjomba wangu hupiga fidla katika kundi la taarabu. Nilipokamilisha kinanda changu cha vibonyezo 13, nilimwalika aje kukisikia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Haya, nisikilizishe."

Nikampigia ngazi nzima, noti baada ya noti, nikifurahia usahihi wa milivolti zangu. Akanitaka nimpigie ngazi iitwayo rast. Nikaanza, na nilipofika noti ya tatu akainua mkono.

"Hiyo iko juu."

Nikapiga kibonyezo cha chini yake.

"Sasa iko chini."

Hapakuwa na kibonyezo kingine. Aliyokuwa anaitaka ilikuwa imekaa katikati ya viwili hivyo, mahali ambapo kinanda cha kizungu hakina kitu. Lakini kila kibonyezo cha kinanda changu nilikuwa nimekiwekea voliumu yake ndogo ya kurekebishia. Nikachukua bisibisi, yeye akaiweka fidla kidevuni na kuivuta noti aliyoitaka, mimi nikashusha taratibu mpaka zile mbili zikaacha kupumua na kuwa sauti moja. Nikapima: ilikuwa imeshuka milivolti 37. Robo toni kamili ingekuwa karibu na 42. Nilipomweleza hivyo akanijibu kuwa noti ile haina nyumba moja. Kila mpigaji huiweka palipomlea, na yeye mwenyewe huisogeza kidogo akiwa anapanda au anashuka.

Nimelifikiria sana jambo hili. Udi hauna vizuizi shingoni, fidla vivyo hivyo, na ganuni ina vijiko vidogo vya kusogeza noti. Ala hizo ndizo zilizotulea masikio. Kinanda cha umeme kilipoingia kwenye taarabu kilileta sauti nyingi na urahisi wa kubeba, lakini noti hizo za katikati zikaanza kunyamaza, na mimi naona tumepoteza. Vinanda vyenye vitufe vya robo toni vipo, ila mwenye kundi dogo la harusi hanunui kwa urahisi. Kwa hiyo sasa naunda chombo ambacho noti ya tatu na ya saba zina vifundo vyake, vikubwa, mbele kabisa, mpigaji azisogeze kwa kidole gumba huku anapiga. Kuunda mwenyewe kumenipa hilo ambalo dukani sikulikuta.

5. Fedha ya lenzi inunue mwanga

Kwenye kamera nilitaka jambo moja: kupiga picha za harusi na maulidi usiku, kwa mwanga wa taa zilizopo, bila kummulika mtu usoni. Lenzi iliyokuja na kamera ni ile ya milimita 18 hadi 55. Ukiivuta hadi 55, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Nilikuwa naelekea kununua ya 55 hadi 250 kwa sababu ni ndefu na inavutia machoni. Kabla ya kulipa nikafanya hesabu ya dakika moja. Namba ya f ni urefu wa fokasi wa lenzi uliogawanywa kwa upana wa tundu, na mwanga hufuata eneo la tundu. Kutoka f/5.6 hadi f/2 ni mwanga mara nane. Picha iliyohitaji moja ya nane ya sekunde, ambapo kila mkono unaopiga makofi unakuwa moshi, inawezekana kwa moja ya sitini.

Kwa hesabu hiyo nikatafuta Helios 44-2, lenzi ya Kisovieti ya milimita 58 iliyokuwa ikifungwa kwenye kamera za Zenit, yenye tundu la f/2. Muundo wake unatokana na Biotar ya Zeiss ya Ujerumani. Fokasi ni ya mkono, tundu linafungwa kwa pete mbili za mkono, hakuna umeme ndani. Mtu mwenye haraka itamchosha. Kwenye kamera yangu, ambayo kihisi chake ni kidogo, inaona kama lenzi ya 93, urefu mzuri wa uso wa mtu aliyekaa mkekani mbele yako.

6. Tochi mfukoni

Helios niliyo nayo ni ya pili. Ya kwanza niliinunua kwa kutazama picha alizonitumia muuzaji, nikatuma pesa, ikaja kwa basi kutoka Nairobi. Niliuziwa mbuzi guniani. Kwa nje ilikuwa inang'aa. Nilipoipeleka dirishani nikaona kwenye kioo cha ndani nyuzi nyeupe zilizotambaa kama utando wa buibui: kuvu. Muuzaji hakupokea tena simu. Mtaalamu wa kufungua lenzi aliisafisha, nyuzi zikaondoka, lakini kuvu hutoa tindikali na tindikali ilikuwa imekwishakula ngozi ya kioo. Kila taa inayoingia kwenye picha inatawanyika kama imetazamwa kupitia chandarua.

Siku hizi siendi kutazama lenzi bila tochi, kamera yangu na kipande cha gazeti. Kwanza nafungua tundu lote, naingiza mwanga wa tochi kutoka nyuma, kwa upande, na kutazama mbele. Vumbi kidogo halinisumbui, halionekani kwenye picha. Nyuzi za kuvu na ukungu wa mafuta ndivyo ninavyovitafuta. Kisha nafunga tundu na kutazama visu vyake: vikiwa vinameremeta, grisi imeyeyuka na kutambaa, jambo la kawaida kwa lenzi iliyolala miaka kwenye joto letu. Halafu nazungusha pete ya fokasi mwanzo hadi mwisho nikisikiliza mchanga. Mwisho nabandika gazeti ukutani, nasimama sawasawa mbele yake, nalipiga tundu likiwa wazi. Pembe zote nne zikififia kwa kiasi kimoja, ni uzee tu. Pembe moja ikififia peke yake, kioo kimekaa upande. Lenzi imewahi kuanguka au kufunguliwa vibaya, na hiyo naiacha hata kwa nusu bei.

Ya pili niliipata Mombasa hapa hapa, kwa mzee aliyekuwa mpiga picha wa studio. Aliniacha niikague nusu saa nzima, akaniongezea kahawa.

7. Milimita moja na nusu

Lenzi za skrubu za M42, kama hiyo Helios, hutaka umbali wa milimita 45.46 kutoka kitako hadi mahali picha inapoangukia. Canon EF ina 44, kwa hiyo pete nyembamba ya kuunganishia inajaza pengo na kila kitu kinakwenda sawa hadi upeo wa macho. Nikon F ina 46.5, tayari ni ndefu kuliko lenzi inavyotaka, na hakuna pete itakayopunguza. Rafiki yangu wa Nikon alinunua pete bila kupima na sasa lenzi yake haioni zaidi ya hatua chache. Uliza namba hizi kabla ya bei.

8. Ndoo yenye mfuniko

Msimu wa masika kipimaunyevu cha chumba changu hupita asilimia 80. Kuvu hupenda unyevu, giza na utulivu, yaani hupenda kabati. Mikoba ya ngozi ndiyo mibaya kuliko yote, maana ngozi hunywa maji na kuyahifadhi. Nilikuwa nimejaribu kufukia lenzi kwenye mchele, nikaishia kupata unga kwenye pete za fokasi.

Sasa natumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, kikombe cha punje za silika ndani yake, na kipimaunyevu kidogo kinachosomeka kwa nje. Silika yangu ni ile ya rangi ya machungwa inayogeuka kijani ikishiba maji. Naiweka kwenye ovena, digrii 120, saa mbili, inarudi rangi yake. Sindano ya kipimaunyevu hukaa kwenye asilimia 45. Mara moja kwa juma nazitoa lenzi zote na kuziweka juani asubuhi, dakika kumi, vifuniko vikiwa wazi na mimi nikiwa nimekaa hapo hapo, kwa sababu lenzi juani inaweza kuchoma kitambaa. Na nikitoka kwenye ofisi yenye kiyoyozi siitoi kamera mkobani kwa dakika ishirini, vinginevyo kioo baridi kinavuta maji kutoka hewani na kulowa.

Ndoo hiyo sasa ina wakazi wengine. Niligundua kuwa miguu ya transista na aisii zilizokaa mezani msimu mzima hushika kutu ya chumvi na lehemu haizishiki tena. Nikaziingiza kwenye vifuko, vifuko vikaingia ndooni: jozi zangu tatu za BC547 zilizobaki ziko chini ya Helios.

Ijumaa iliyopita kundi la mjomba lilipiga harusini, Old Town, kwenye baraza yenye taa mbili za manjano. Nilikaa karibu na mpiga ganuni, tundu nimelifungua lote, nikazungusha fokasi kwa kufuata mkono wake wa kushoto, ule unaoinua na kushusha vile vijiko. Nilipiga picha 41. Katika mojawapo kijiko kinaonekana kimeinuka nusu, kidole kikiwa bado juu yake. Nimeichapisha na kuibandika ukutani juu ya meza, mahali ninapoweza kuiona ninapochora umbo la vile vifundo viwili vya mbele. Plastiki ya sanduku nimeshaikata. Vifundo vyenyewe viko njiani kutoka Luthuli Avenue, Nairobi.